Muulize Mwalimu: Mtoto anakisoma Kiingereza lakini hakisikii

Mwezi huu barua za Uchina zimekuwa nyingi kuliko za Kariakoo. Sijui ni kwa sababu mwezi uliopita nilijisahau nikataja humu kwamba nilisoma Wuhan au ni gaokao, ule mtihani wa Uchina wa kuingia chuo kikuu, ndo inawatoa watu jasho, vyovyote iwavyo nimeona nizijibu kwa mpigo, wale wa ada na mikopo mnivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo mwalimu. Mi Mtanzania, naishi Changsha, nauza kahawa ya kwetu pale soko la Gaoqiao, mume wangu Mchina wa hukuhuku Hunan. Kijana wetu yuko gaozhong, yaani sekondari ya juu, mwaka wa pili, mwakani ndo gaokao. Akisoma Kiingereza kwenye karatasi anaelewa, maneno anayo mengi kanipita mbali, lakini ikiwashwa rekodi anapata 11 au 12 kati ya 20 halafu ananambia mama wanaongea haraka. Baba yake anaamini dawa ya moto ni moto, kila wiki ananunua pepa mpya, sebule yetu imekuwa stesheneri. Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji, naogopa nikiingilia ntamharibu. Nifanyeje?
*Mama wa Gaoqiao*

Marahaba mama. Kwanza hizo pepa mwambie baba kijana apumzike kidogo kununua, tena umwambie kwa upole maana najua Wachina wana neno lao kabisa, shuati, yaani kusugua maswali kama mtu anavyosugua sufuria, na ni kweli kuna masomo yanataka kusuguliwa lakini sikio haliko hivyo. Mtoto akifanya pepa ya kusikiliza, akasahihisha, akaona kapata 12, akaifunga na kuchukua nyingine, hapo kajipima tu. Ni kama mtu kupanda mizani kila asubuhi akitegemea apungue.

Tuweke hesabu mezani ili na baba aone. Gaokao nzima ni maksi 750, Kiingereza ni 150. Kusikiliza kuna maswali 20, kila moja maksi moja na nusu, jumla 30. Ufahamu wa kusoma nao maswali 20, kila moja mbili na nusu, jumla 50. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya pepa ni sikio na jicho. Kijana akipata 12 kwenye kusikiliza ana maksi 18, amedondosha 12, na hizo 12 haziko kwenye maneno asiyoyajua, ziko kwenye maneno anayoyajua vizuri sana ila hajawahi kukutana nayo kwa sauti.

Hapo ndo penyewe. Anaposema wanaongea haraka si kweli, zile rekodi za mtihani watu wanaongea taratibu kuliko mtangazaji wa mpira. Shida ni kwamba Kiingereza kinagandana. "Pick it up" kwenye karatasi ni maneno matatu yamepangana vizuri, kwenye mdomo wa mtu ni pikitap, neno moja ambalo halipo kwenye kamusi yoyote. Sasa mtoto aliyelelewa na Kichina anategemea kila silabi isimame peke yake na toni yake, herufi moja silabi moja, jina Mike kwao linakuwa Maike kwa sababu silabi yao haiwezi kuishia na k, lazima ifuatwe na irabu. Unaona linavyofanana na kwetu? Sisi bank tuliipa irabu ikawa benki, glass ikawa glasi. Sikio la Mswahili na sikio la Mchina linaumwa ugonjwa mmoja, na ndo maana nakwambia wewe mama mwenye Kiingereza cha kuombea maji unafaa kuliko unavyodhani.

Fanyeni imla. Ileile imla ya shule ya msingi. Chukueni rekodi moja tu ya mtihani wa zamani, mazungumzo ya kama dakika moja hivi, yenye maandishi yake. Asikilize yote mara mbili bila kalamu, halafu wewe ndo ukae na simu, unabonyeza, sentensi moja, unasimamisha, anaandika alichosikia hata kama ni upuuzi, unarudisha, anaongeza, mkifika mara ya tatu au ya nne mnaachana nayo mnaenda inayofuata. Mwisho ndo unampa maandishi, anasahihisha kwa kalamu nyekundu mwenyewe. Kila kosa aliulize swali moja: hili neno nilikuwa silijui, au nilikuwa nalijua sikulisikia? Nakuhakikishia atashangaa la pili lilivyo jingi. Kisha arudie kwa sauti pamoja na rekodi, akimfuata yule msemaji kama mtu anayefuatisha maulidi, hadi mdomo wake nao uanze kugandisha, maana sauti ambayo mdomo hauwezi kuitoa sikio nalo linaipata kwa shida. Wenyewe wanaita jingting, kusikiliza kwa kuchambua. Dakika 20 kila siku zinatosha kabisa, masaa matatu ya Jumapili hayana kazi.

Na hiyo kazi ya kubonyeza haihitaji Kiingereza mama, inahitaji subira, ambayo mfanyabiashara wa soko anayo.

Kuna mitego miwili ambayo walimu wa huko huwa hawaioni lakini wewe utaiona haraka. Mmoja ni "he" na "she". Kichina cha mdomoni vyote ni ta, Kiswahili vyote ni yeye, kwa hiyo mtoto wako kwa baba na kwa mama hajawahi kulazimika kusikia tofauti hiyo. Sasa maswali ya rekodi yanapenda kuuliza yule mwanaume atafanya nini, yule mwanamke anafikiria nini, na kwenye machaguo wanaweka alichosema mwenzake. Kila mkimaliza kipande muulize kwa Kiswahili au Kichina, baba kasema anataka nini, mama kasema anataka nini, na huyo wanayemsengenya ni wa kike au wa kiume? Atakuwa anakosea mwanzoni, muache akosee.

Wa pili ni namba. Mchina anahesabu kwa wan, yaani elfu kumi kumi. Waliojiandikisha gaokao 2024 walikuwa 13,420,000, Mchina anasema wan 1,342, ukimtajia mtoto kwa Kiingereza inabidi kichwani avunje na kujenga upya wakati rekodi haimsubiri. Msomee namba kila siku, bei za kahawa yako hizohizo, aandike. Na saa ndo usiseme, hapo wewe sasa ndo utamharibu kweli kama hujaangalia. Mimi mwaka wa kwanza Wuhan profesa aliniambia nije "at two", kichwa kikatafsiri mbili, na mbili yetu ni asubuhi, nikasimama mlangoni kwake toka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, njaa inaniuma, namlaumu mzee wa watu. Kwa hiyo wakati wa mazoezi saa za Kiswahili ziweke pembeni.

Lingine dogo. Kinachotajwa kwanza kwenye mazungumzo mara nyingi si jibu. Watu wanapanga Jumamosi, halafu inakuja "but", wanahamia Jumapili. Mtoto mwenye wasiwasi anakamata Jumamosi anakimbia nayo. Mfundishe kusubiri.

(Wasomaji wa Guangzhou, nyie msichukue hesabu hii nzimanzima. Guangdong mna mtihani wenu wa kusikiliza na kuongea kwa kompyuta, uko mbali na pepa ya Juni. Beijing nao toka 2021 sehemu ya kusikiliza na kuongea ni maksi 50 na inafanywa kwa kompyuta mara mbili kwa mwaka. Imla inafaa kote lakini na mdomo mfanyie kazi.)

Sasa mwalimu. Mimi ni Mkenya, nafanya shahada ya pili hapa Nanjing. Kuna familia moja karibu na kampasi tumeshikana nao vizuri sana, mimi naongea Kiingereza na msichana wao wa gaosan, ule mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu, mamake ananifunza Kichina na kunilisha. Huyu dem akisoma anatafsiri neno kwa neno kwa Kichina, kila neno gumu anasimama, saa zinaisha akiwa ufahamu wa tatu, ule wa nne anaweka C zote. Halafu kuna ile ya sentensi saba uchague tano za kujaza mapengo kwenye habari, hapo haki ata mimi nakwama. Pia mamake anataka kuanza kunilipa, nikubali?
*Mjaluo wa Nanjing*

Pesa kwanza maana hiyo ni fupi: usipokee. Kibali chako ni cha masomo, na kufanya kazi nje bila ruhusa ya chuo na ya idara ya uhamiaji kunaweza kukurudisha Kisumu kabla ya kumaliza tasnifu. Endelea kula, chakula cha mama wa Kichina nakijua, umelipwa tayari.

Sasa msichana. Pepa ni dakika 120, kusikiliza kunakula kama 20, insha mbili za mwisho zinataka 40, kujaza nafasi na sarufi zinataka 20 na kitu, kwa hiyo kwa ufahamu wote anabakiwa na dakika 35 hadi 40. Vipande ni vinne, A, B, C, D, vyenye maswali 15, halafu hiyo saba kwa tano. Ukigawa unapata kama dakika nane kwa kipande. Weka simu mezani, zikifika nane mnyang'anye karatasi. Atalia siku tatu za kwanza.

Ila saa peke yake haiponyi ugonjwa wa kutafsiri. Ugonjwa huo unatokana na kusoma vitu vigumu tu maisha yake yote. Fikiria, toka yuko shule kila aya ya Kiingereza aliyoiona ilikuwa ni ya mtihani, imejaa miiba, hajawahi hata siku moja kusoma Kiingereza akacheka. Mtafutie hadithi nyepesi, nyepesi mpaka aone umemdharau, ukurasa mzima asikutane na maneno mageni zaidi ya mawili matatu, asome kurasa kumi bila kamusi. Jicho likizoea kutembea ndo utaona halisimami tena. Wenzake watamwambia anapoteza muda, akariri maneno 3,500 kama wao, na maneno ni muhimu sikatai, lakini mtaala wenyewe kwa watu wa gaokao unazungumzia kama 3,000 hivi na kama nusu yake alishayamaliza hadi sekondari ya chini. Anayajua. Hayatumii tu.

Kwenye vipande vyenyewe asivisome vyote kwa mwendo mmoja. A mara nyingi ni tangazo, ratiba, maelezo ya makumbusho au mashindano fulani, hapo asome maswali kwanza kisha atafute kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. B huwa ni habari za mtu au kisa, asome kama hadithi, nani alitaka nini na mwisho alijisikiaje. C na D ndo nzito, sayansi, jamii, utafiti fulani, na hapa aangalie zaidi mwanzo wa kila aya kuliko majina ya wanasayansi.

Na umpe sheria moja tu, kila jibu apige mstari chini ya sentensi iliyompa hilo jibu. Hana mstari, hana jibu. Utagundua anachagua chaguo kwa sababu lina maneno yaleyale ya kwenye habari, na watunga mtihani wanajua hivyo, wanachukua maneno manne ya habari wanayapanga uongo. Jibu la kweli mara nyingi limevaa nguo nyingine. Habari inasema mzee hakuwahi kukosa kwenda kuwapa samaki chakula hata mvua inyeshe, chaguo sahihi linasema alikuwa mtu wa kujali, wala hakuna samaki wala mvua. Kwa nini basi analikwepa? Kwa sababu anatafuta neno, hatafuti maana.

Hiyo saba kwa tano sasa, ngoja nikupe siri ya Kiswahili. Kwetu ukisikia "vilivunjika" unajua ni viti au vyombo, huwezi kudhani ni mayai, upatanisho umekushika mkono. Kiingereza kimekuachia "it" na "they" tu, na Kichina nacho nomino haibadiliki ikiwa moja au mia, kwa hiyo msichana anazipita zile "they" kama hazina kazi. Kumbe ndo gundi yenyewe. Chukua mfano habari ya bustani juu ya paa, kuna pengo, halafu sentensi baada ya pengo inaanza "Without them", bila hao. Bila kina nani? Basi kwenye pengo lazima kuwe na kitu cha wingi, nyuki au majirani, na sentensi yoyote inayoongelea mwanga wa jua peke yake inakufa hapohapo. Mnaulizana hivyo kila pengo: huyu "this" ni nini, "another" inamaanisha wa kwanza alishatajwa, yuko wapi, "however" inapingana na nani? Na wewe mwenyewe utaacha kukwama, unakwama kwa sababu unasoma habari ukisahau mishono.

Mwalimu mambo. Niko Yiwu nasafirisha mizigo. Binti yangu yupo sekondari ya hapahapa, usiku kucha anaangalia tamthilia za Kimarekani, nikimgombeza anasema baba nafanya mazoezi ya kusikiliza. Ananidanganya?
*Baba Chausiku*

Poa baba. Anakudanganya robo tatu. Kama chini kuna maandishi ya Kichina basi macho ndo yanaangalia tamthilia, masikio yamelala. Mwambie achukue dakika mbili za kipindi, azime maandishi, aangalie mara tatu, akusimulie, kisha ndo awashe aone alichokosa, baada ya hapo aendelee na starehe zake. Nusu saa lakini, si usiku kucha, mtoto anahitaji kulala.

Akiona ni ngumu mno aanze na kitu cha pole. Wachina wengi wa rika lako walijifunzia kwenye redio, Sauti ya Amerika hiyohiyo tuliyoijua kwa taarifa ya habari ya Kiswahili ilianzisha 1959 matangazo ya Kiingereza cha polepole yenye maneno kama 1,500 tu. Rekodi za mtindo huo zinafaa kuanzia, ila miezi miwili mitatu aziache, akizizoea sana binadamu wa kawaida wataendelea kumwonekania wana haraka. Na kwa vile Yiwu iko jimbo la Zhejiang, pepa ya Kiingereza anaifanya mara mbili, Januari na Juni, inahesabiwa iliyo nzuri. Hiyo ya Januari asiichukulie kama majaribio.

Habari mwalimu, niko Nairobi, nilikuwa nafunza watoto wa China Kiingereza online hadi 2021 kazi ikaisha ghafla. Kuna mtu wa WhatsApp anasema za high school zimefunguliwa, nilipe ada ya usajili. Ni ukweli?
*Tichaa*

Usilipe. Ile sera ya Julai 2021, shuangjian, kupunguza mizigo miwili, yaani homuweki na tuisheni, ilikataza kampuni za tuisheni kutumia walimu wa kigeni walioko nje ya Uchina, na ikasema masomo ya sekondari ya juu yafuate mwongozo huohuo. Mtu anayekutoza ada kwa ajili ya kazi kama hiyo amekupenda kwa sababu una pesa.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni msichana wa Wuhan, mama yangu wa Mombasa, Kiswahili changu nimefundishwa na yeye kwa hiyo nisamehe makosa. Mwezi wa sita nafanya gaokao. Kusikiliza nyumbani napata 18, shule napata 14. Maswali matano ya kwanza yanasomwa mara moja tu na mimi nikikosa la kwanza mikono inatetemeka mpaka la tano. Nifanye nini? Na kwa nini ule mfano wa mwanzo wa rekodi ni bei ya shati kila mwaka?
*Binti wa mama wa Mombasa*

Marahaba mwanangu, Kiswahili chako hakina makosa, hata watoto wa Mombasa siku hizi hawaandiki hivyo.

Nyumbani bila shaka unavaa hedifoni. Shule sauti inatoka kwenye spika ya ukutani, ina mwangwi, feni inazunguka, mwenzio anakohoa. Vua hedifoni kuanzia leo, weka spika mbali, mwambie mama apike kabisa huku unafanya, masufuria yagongane. Siku yenyewe polisi watazuia honi karibu na shule lakini kikohozi cha jirani hakuna wa kukizuia. Na fanya mazoezi saa tisa alasiri, wakati ambao mwili unataka kulala, kwa sababu Juni 8 pepa inaanza saa tisa kamili, na mlango wa kuingilia siku ya Kiingereza unafungwa mapema kwa sababu ya kusikiliza, saa tisa kasorobo, ukichelewa ndo basi.

Hilo la kutetemeka. Una sekunde kumi kati ya swali na swali. Ukikosa la kwanza weka herufi yoyote, na hizo sekunde usizitumie kukumbuka walisema nini, hawatarudi, zitumie kusoma machaguo ya la pili. Swali ulilokosa limekula maksi moja na nusu, ukilifuata litakula na jirani yake. Fanya zoezi la makusudi, siku moja liache la kwanza tupu kwa hiari yako uone kama la pili linakufa. Halifi. Kuanzia la sita kila kipande kinasomwa mara mbili, hapo pumua, mara ya kwanza tafuta habari inahusu nini na mara ya pili ndo unahakiki. Majibu unaweka kwanza kwenye pepa, rekodi ikiisha unapewa dakika mbili za kuhamishia kwenye karatasi ya majibu, kwa hiyo hata ukichora vibaya kuna muda.

Na shati, mwanangu, ndo rafiki yako mkubwa kwenye chumba kile. Wakati sauti inaeleza maelekezo kwa Kichina na kuuliza shati ni bei gani, wewe uko kwenye swali la kwanza mpaka la tano, unasoma machaguo, unajiuliza hawa wako mgahawani au hospitali, wanagombania saa au bei. Usilisikilize hata kidogo. Toka nalijua mimi ni pauni 9 na peni 15, jibu C, na bei haijapanda.